Muhula Niliovaa Diski

Niliposhuka Kitale, Kenya, nikitokea Morogoro nilikuwa na sanduku moja, sweta jepesi la kujidanganya, na barua ya kunikubali kufundisha Kiingereza gredi ya tano katika shule moja ya binafsi. Nilipanga chumba katika mtaa wa Tuwan. Watoto wa hapo walinisalimu "Sasa!", nami nikasimama kungoja shikamoo ambayo haikuja. Baridi ya asubuhi ya kwanza ilinifanya niape kwamba siogi, kisha nikaoga, maana nilijua nitatazamwa.

Na kweli nilitazamwa. Jirani yangu, mama muuza viazi ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Kenya ya Kati, alicheka waziwazi nilipomtajia kazi yangu.

"Ati Mtanzania anakuja kufunza watoto wetu Kingereza? Si nyinyi ni watu ya Kiswahili, bana!"

Nilitabasamu, lakini moyoni nilichemka. Nilikuwa nimekisomea Kiingereza chuo kikuu na ninakipenda. Nikajiambia, huyu mama atanitambua.

Mwenye shule, mzee mpole wa Bungoma aliyestaafu serikalini, hakucheka. Alinieleza tu kwamba wazazi wengine wana wasiwasi kama wa jirani yangu, kwa hiyo nitakuwa kwenye majaribio muhula mmoja. Mwishoni wazazi watakuja kuwasikiliza watoto wakiongea Kiingereza. Wakinyamaza, nirudi kwetu.

Walikuwa wamenyamaza tayari. Watoto thelathini na wanane, madaftari safi, sarufi wanaijua vizuri, lakini ukiuliza swali wote wanatazama meza. Hata wakati wa mapumziko walinong'ona. Wiki nzima nilidhani wananiogopa mimi, na jambo hilo liliniuma sana. Ndipo nilipoiona diski: kibao cha mbao chenye kamba, anachovalishwa shingoni mtoto aliyesikika akiongea Kiswahili au lugha ya nyumbani. Ili aivue ni lazima amnase mwenzake. Atakayebaki nayo saa kumi jioni anaosha vyoo. Kwa hiyo kila mtoto alikuwa akimpeleleza mwenzake, na aliyetaka usalama alifunga mdomo, hata kwa Kiingereza, asije akateleza kwa neno moja. Nilikasirika hadi nikaacha chai yangu mezani.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta uwanjani msichana mmoja wa darasa langu, mtoto wa wakulima wa Sirisia aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake. Alisimama peke yake, diski kifuani. Bila kufikiri nikamwuliza, "Mbona umejitenga, mwanangu?"

Alinitazama, akaitazama diski, akanitazama tena. Nikaelewa. Sheria ilibandikwa pale ukutani: yeyote atakayesikika. Haikusema mwanafunzi.

"Umeninasa," nikamwambia, nikainamisha kichwa. "Haya, nivalishe."

Nilidhani utakuwa mzaha wa siku moja. Kufika mchana nikang'amua kwamba diski ikikaa kwangu, nami nisimnase mtu, hakuna mtoto wa kuivaa. Basi nikaamua kukaa nayo. Saa kumi nilikunja sketi nikaosha vyoo, na kesho yake, na keshokutwa. Walimu wenzangu walinikwepa, na mmoja alisema nimekuja kuharibu nidhamu ya watu. Harufu ya vile vyoo sitaisahau, na kuna jioni nililia kwa uchovu nikiwa nimeshika ufagio. Lakini kuivua, ng'o.

Mwenye shule akaniita ofisini.

"Mwalimu, unatuaibisha. Mzazi akikuona na hiyo kitu kwa shingo, atasema nini?"

"Atasema mwalimu anafuata sheria ya shule, mzee."

Aliiweka kalamu yake mezani. "Sawa. Lakini siku ya wazazi nitasikiliza mwenyewe."

Mambo yalikwenda polepole kuliko nilivyotaka. Kwanza kelele zilirudi uwanjani, kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, kwa Sheng. Kisha, wiki ya nne, mtoto mmoja akanibishia kwa Kiingereza kuhusu alama nilizomnyima. Nilifurahi mpaka nikasahau kumjibu.

Siku ya wazazi yule msichana alisimama akasimulia kwa Kiingereza jinsi bibi yake alivyolazwa hospitali ya Lugulu, na ng'ombe nyumbani wakakataa kukamwa na mtu mwingine. Alikosea hapa na pale. Watu wakacheka, wakamwuliza maswali, naye akayajibu yote.

Mwenye shule alinipa mkono mbele ya wazazi. Kazi nimepata. Kisha akanivuta pembeni akaniambia ana shule nyingine Bungoma mjini, na watoto wa kule hawafungui mdomo kabisa, kwa hiyo muhula ujao nianzie huko. Nilitaka kukataa, nikashindwa, maana nilijua kule nako kuna mtoto amesimama peke yake uwanjani.

Niliwaambia darasa langu kwamba nitaondoka. Halafu yule msichana akasimama bila hata kunyoosha mkono, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika darasa la jirani, kwa nini nimewafundisha kuongea halafu ninaondoka. Mwingine akadakia, na mwingine, hadi wote thelathini na wanane wakawa wananigombeza kwa pamoja, kwa Kiingereza, nami nikasimama pale nikagombezwa mpaka kengele ikalia.