Siku Serikali Ilipomrudishia Mama Kodi Yake

Miaka hiyo niliuza vocha na kutoa fotokopi katika duka dogo pale Warwick, kwenye jiji moja la pwani huko kusini kabisa mwa Afrika. Nilikuwa Mtanzania wa Kigoma katikati ya wateja Wakongo, na kompyuta niliijua kidogo kuliko walivyodhani.

Siku moja aliingia mama mmoja wa Bukavu tuliyekuwa tukisali naye. Alitaka kumwandikisha binti yake shule huko Cato Manor, na shule ilidai karatasi yenye anwani. Mwenye nyumba wake alikuwa hodari wa kupokea kodi ya chumba, lakini barua hakupenda kuandika. Basi mama alileta karatasi zake za mshahara, akitumaini zingefaa.

Nilipokuwa nazitolea kopi niliona kwamba alikatwa kodi kila wiki. Alikuwa amefungasha bidhaa kwenye kiwanda kimoja cha Mobeni kwa miezi saba, pamoja na saa za ziada, kisha mkataba ukaisha na hakupata kazi nyingine mwaka ule. Nilijua kwamba mtu wa namna hiyo, mapato yake ya mwaka yakiwa chini ya kiwango cha kutozwa kodi, hurudishiwa kodi yake yote. Lakini lazima aombe.

Nikamwambia, "Mama, ofisi ya kodi ina pesa zako. Ukiomba, watakurudishia."

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Serikali inirudishie mimi pesa? Iko na shida gani?"

Alikuwa na sababu zake. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipanga foleni kuomba karatasi ya ukimbizi, na ofisi ile ilishapoteza faili lake mara tatu. Mara moja karani alimwambia usoni kwamba mtu mwenye jina hilo hayupo. Serikali iliyomsahau vizuri namna hiyo, alisema, si ya kuikumbusha. Inaweza kukumbuka na kumfukuza.

Kwa wiki tatu nilimbembeleza kila Jumapili baada ya ibada. Nilimweleza kuhusu haki, sheria na viwango, naye akanijibu kwa upole kwamba mimi bado mgeni katika nchi hii. Hotuba zangu zote zilishindwa na sentensi moja ya jirani yake, mama wa Kizulu, aliyesema kwamba yeye huomba kila mwaka, na pesa hizo ndizo anazonunulia watoto yunifomu.

Mama wa Bukavu akakubali, akaenda kiwandani mara mbili kutafuta hati ya mwaka inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Alipoipata tukaketi nyuma ya kaunta na simu yake. Nikajaza namba, nikabonyeza, na ukurasa wa ofisi ya kodi ukafunguka ukimsalimu kwa majina yake yote matatu bila kosa hata la herufi moja.

Akaniomba nisome tena. Nikasoma.

"Hawa wananijua?" aliuliza polepole.

"Wanakujua, Mama. Tangu wiki ya kwanza uliyoanza kukatwa."

"Basi kumbe nilipotea upande mmoja tu."

Pesa ziliingia benki siku chache baadaye, karibu mshahara wa wiki mbili. Aliniletea soda na kunishukuru, lakini kilichomfurahisha kweli ni barua ya tathmini ya ofisi ya kodi niliyomchapia, yenye jina lake na anwani ya chumba chake. Shule iliipokea bila swali. Aliiwekea plastiki ngumu na kutembea nayo kwenye mkoba pamoja na Biblia.

Jumapili iliyofuata alisimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu aligusa kompyuta ya serikali. Mimi nilikaa benchi la tatu, nikasema amina pamoja na wengine.

Jumatatu walikuja watu saba dukani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukatwa kodi. Mmoja alikuwa mlinzi wa gereji, aliyelipwa mkononi kila Ijumaa bila karatasi yoyote. Nilimweleza kwamba hawezi kurudishiwa kitu ambacho hakuchukuliwa. Alisikitika sana, mtu wa kwanza niliyemwona akihuzunika kwa kutokatwa kodi, akaniomba nimwandikie bosi wake barua ya kuomba aanze kukatwa.

Nikaiandika. Bosi aliisoma mara mbili, kisha akamuuliza kama anaumwa.