Gita la Mzee wa Pongwe

Mzee yule alipiga gita katika bendi ya dansi hapa Tanga kabla mimi sijazaliwa. Alikuja kwangu akitokea Pongwe, gita lake la umeme amelizungushia shuka.

"Nyuzi zinakwaruza," alisema baada ya kuniitikia shikamoo. "Mjukuu wangu anaolewa wiki ijayo. Nataka nimpigie."

Nilitazama shingo ya gita, nikaona imepinda. Ndani ya shingo mna chuma kirefu. Ukikikaza kidogo, shingo hunyooka. Kazi hiyo nilikuwa nimeiona kwenye simu tu. Nilizoea kubadilisha nyuzi, kuchomelea waya na kusugua kutu, maana huku kwetu chumvi ya bahari haibakishi kitu. Nilipaswa kumwambia sijui. Lakini alikuwa ameketi mbele yangu, ananitazama mikono kwa heshima, nikaona tamu kuitwa fundi.

Nikatia ufunguo, nikazungusha. Chuma kikagoma. Nikaongeza nguvu. Kikalia tak, na ufunguo ukaanza kuzunguka bure.

"Kuna nini?" akauliza.

"Chuma kilishaoza, mzee. Kimekatika chenyewe."

Aliipapasa shingo ya gita. "Basi kosa langu. Miaka yote hii nimelitundika ukutani, silitazami. Niwie radhi, nimekupotezea muda."

Nami nikamwambia hapana neno. Nilimsamehe, mimi.

Akaniomba nikapige mimi kwenye harusi badala yake. Nilikwenda na gita langu. Wakati wa kula akanishika mkono, akanipeleka kwa ndugu zake mmoja mmoja. "Huyu ndiye yule fundi. Mwingine angenizungusha. Huyu alinieleza ukweli palepale." Walinipa mikono. Sahani yangu ya pilau nilishindwa kuimaliza, nikasingizia tumbo.

Nilistahimili mwezi mzima. Asubuhi moja nikaenda Pongwe, nikamkuta barazani akichambua mchicha na mkewe. Nikamweleza yote, mkewe akisikia.

Hakunyanyua macho. "Ulijua siku ileile?"

"Nilijua."

"Na harusini ulijua?"

"Nilijua, mzee."

Mkewe akachukua ungo wake, akaingia ndani. Nikasema nitatafuta shingo nyingine, hata Dar es Salaam, nitaifunga mwenyewe au nimpe anayeweza kuliko mimi.

"Gita nimeshampa mtu wa Kigombe, alitaka vyuma vyake atengenezee jingine," akasema. "Lingekuwepo pia nisingekupa. Chuma kukatika ni kazi, hutokea. Ila umeniacha nikuombe radhi."

Nilisimama pale hadi alipomaliza fungu lake la mchicha, kisha nikaaga.

Siku hizi tukikutana sokoni namwamkia. Huitikia marahaba, kwa sauti ileile anayomwitikia kila mtu, na hupita. Bado sijazoea.