Barua Iliyopewa Alama

Dada yangu alifundisha insha miaka thelathini na moja, na kalamu nyekundu hakuishika ila mara moja. Hiyo mara moja ndiyo iliyomponza.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, tunakaa nyumba moja. Kazi yake niliiona kwa macho yangu: madaftari arobaini mezani, penseli sikioni. Chini ya kila insha aliandika mambo mawili tu, kitu alichokiona na swali moja. Kulikuwa na mwanafunzi tukimwita Robo Ukurasa, maana hakuwahi kuvuka hapo. Siku moja aliandika, "Nyumba yetu iliungua. Tukahama." Basi, kamaliza! Mimi ningempa sifuri. Dada akaandika: "Nyumba yenu nimeiona. Ulipotoka, ulikuwa umebeba nini?" Robo Ukurasa akarudi na kurasa tatu kuhusu ndoo tupu aliyoing'ang'ania mpaka kukacha bila kujua kwa nini. Leo ni baba mzima, na akikutana na dada barabarani anavua kofia.

Sasa sikia vituko. Binti wa pekee wa dada alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka kumi na minne, akamwandikia mama yake barua. Na huyu mwalimu wa watu, jamani, akaisahihisha! Wino mwekundu, kumi na moja juu ya ishirini, "Unarudiarudia. Andika tena." Akaitia kwenye bahasha akamrudishia mwenyewe. Nilipomuuliza ana wazimu gani, akasema hataki watu waseme mtoto wa mwalimu hajui kuandika. Mganga hajigangi.

Binti hakuandika tena. Miaka kumi na sita imepita, sasa ni muuguzi nchi ya mbali. Jumapili anapiga simu: shikamoo mama, mama mdogo hajambo, haya, kwaheri. Adabu anayo tele, maneno ndiyo hana. Na dada anaitamani barua ya mwanawe mpaka inauma kumtazama. Akisikia pikipiki ya mtu wa vifurushi anasimama, kisha anajifanya alikuwa anafuata maji ya kunywa.

"Si umwombe radhi?" nikamwambia.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu."

"Nyoo! Kaa hapo na methali zako."

Mwezi uliopita ikaingia meseji ya binti: "Nimehamia chumba kingine. Kina dirisha." Dada mbio akaanza kuandika nasaha: funga mlango vizuri, angalia ukuta usiwe na unyevu. Nikamnyang'anya simu.

"Hebu mwandikie kama ulivyomwandikia Robo Ukurasa!"

Akanitazama kama niliyemtukana. Kisha akafuta yote, akaandika: "Dirisha nimeliona. Ukilifungua, unaona nini?"

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Dada kutwa simu mkononi, na mimi kwa wasiwasi nikamshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Siku ya tatu, mchana, meseji ikaingia. Habari ya dirisha haikuwemo. Ilikuwa picha ya ile barua, na wekundu wake wote, imechakaa kwenye mikunjo. Chini yake binti kaandika: "Mama, nisahihishie upya."

Dada alilia, nami nikalia, sioni aibu kusema. Kisha akaisoma polepole, jinsi alivyosoma insha za watoto wa wenzake. Hicho alichokirudiarudia mtoto kilikuwa sentensi moja, mara nne: "Mama, nalala na sweta yako."

Akaomba penseli yangu ya kuchorea vitambaa. Akaandika kwenye karatasi, nikaipiga picha, nikaituma.

"Sweta nimeiona. Nisamehe, mwanangu. Bado unayo?"

Jibu lilikuja hata penseli sijairudisha kwenye droo.

"Nimeivaa."