Biki Nyekundu ya Madame Laurentine

Wazazi wa mtaa wa Naviundu, Lubumbashi, wakikuambia mtoto wao "yuko kwa Laurentine", wanamaanisha yuko darasa la sita, na wanamaanisha pia kwamba wao wameacha kuhangaika. Miaka kumi na tisa mfululizo mwanamke huyu ameshika darasa la sita katika shule ya msingi ya masista, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto wake hata mmoja aliyeanguka mtihani wa taifa. Mwenyewe atakuambia, huna haja ya kuuliza. Msalimu tu, na kabla hujafika kwenye habari za nyumbani atakuwa amekwisha kukusimulia mwaka ule alipopitisha watoto hamsini na wanane, hata yule aliyekuja na malaria.

Ni mrefu, mkavu, kitambaa cha kichwa amekikaza barabara, na biki nyekundu, kalamu yake ya kusahihishia, ameichomeka humo juu ya sikio. Baba yake alikuwa fundi wa reli kutoka Kongolo, mtu aliyeamini kwamba anayechelewa ni mwizi wa saa za wenzake, na binti amerithi imani hiyo nzima nzima. Ufunguo wa kabati la vitabu vya darasa la sita unalala nyumbani kwake. Hata mwalimu mkuu akitaka kitabu, anaomba.

Sasa tuseme ukweli bila kuzunguka: Laurentine alikuwa na wivu. Si ule mdogo wa kutamani kitenge cha jirani. Alikuwa na wivu wa kumkosesha hamu ya kula bukari, na aliyemwonea ni Lydie Ntumba, mwalimu wa darasa la tano.

Lydie alifika pale miaka kumi na miwili iliyopita kufanya mazoezi ya ualimu, hajui hata kushika chaki. Laurentine ndiye aliyemfundisha kuandika ubaoni mstari ulionyooka, na kunyamaza mpaka watoto wenyewe waone aibu na kunyamaza. Kuna watu Lubumbashi ambao katika ugomvi kama huu wangeanza kutaja nani ametoka Kasai, kama Lydie, na nani ni wa Katanga, kama yeye. Laurentine hakuhitaji hayo. Wivu wake ulikuwa wa darasani.

Ulianza siku mwalimu mkuu, mzee Edouard, alipomwita ofisini. Mzee huyo alikuwa anakaribia kustaafu. Nafasi moja ilikuwa imepatikana ya kusomea uongozi wa shule kwa mtandao, masomo ya juu ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, kwa walimu wa siku nyingi wenye shahada. Atakayemaliza ndiye atakayekaa kwenye kiti cha Edouard. Wenye shahada pale shuleni walikuwa wawili tu: Laurentine na Lydie.

"Laurentine, mu mawazo yangu weye njo wa kwanza," alisema Edouard. "Ni masomo ya en ligne, mwaka moja na nusu. Unasema nini?"

"Ah, ba Directeur, mi nilishazeeka. Mutafute kwanza bale bangine. Batoto iko."

"Kweli kabisa?"

"Kweli."

Hakumaanisha hata neno moja. Kwao Laurentine, mtu akikaribishwa chakula husema ameshiba. Mwenyeji hukaza, mgeni hukataa tena, na mara ya tatu ndipo hunawa mikono. Hiyo ndiyo adabu. Laurentine alirudi darasani akingoja kukaziwa. Jumatatu ilipita, Jumanne ikapita, naye kila akisikia viatu vya Edouard kwenye baraza anarekebisha kitambaa. Jumatano, mbele ya walimu wote, Edouard alitangaza kwamba Lydie amekubali. Lydie alikuwa ameulizwa mara moja na kuitikia mara moja, kama mtu asiye na adabu. Walimu walipiga makofi. Laurentine alipiga kuliko wote, moyo ukimchoma.

Tangu siku hiyo kila kitu cha Lydie kilimuudhi. Aliudhika na simu yake na visikilizi vyake vya masikioni wakati wa mapumziko. Aliudhika kwamba kila Jumamosi Lydie anapanda kwenda mtaa wa Golf, kwa binamu yake mwenye nyumba isiyokatika umeme, akakae barazani asikilize maprofesa. Zaidi aliudhika na maneno aliyorudi nayo.

"Banatufundisha pilotage ya école," Lydie alisema siku moja, macho yakimng'aa, akimaanisha uendeshaji wa shule.

"Pilotage? Kwani école iko ndege?" Laurentine alijibu, na walimu wakacheka, na kicheko kile kilimpoza kwa nusu saa.

Mwezi wa pili Lydie alimjia na karatasi mkononi. "Mama, prof anasema français yangu iko na makosa mingi. Utanikorijia ba devoirs yangu?"

Safari hii Laurentine hakukataa hata mara moja. Somo la kukataa alikwisha kulilipia. Akaanza kusahihisha kazi za Lydie, moja baada ya nyingine, kwa biki nyekundu. Hakuna aliyemwomba alama, lakini kila karatasi aliipa alama juu ya ishirini, akazungushia duara. Na ajabu ya wivu ni hii: Lydie alipopata kumi na tano huko ng'ambo, Laurentine alilala vibaya, huku akijiambia kwamba kati ya hizo kumi na tano, tisa ni zake.

Ikabaki kazi ya mwisho, yenye nusu ya alama zote. Kila mwanafunzi aeleze mwalimu mmoja mgumu anayemfahamu, asimtaje jina, kisha aseme mwalimu mkuu mzuri angemfanyia nini. Asiyefikisha kumi na mbili hapati diploma. Jumanne Lydie alimletea kurasa saba, na kwa mara ya kwanza hakumtazama usoni.

"Mama, soma yote mpaka ku mwisho," alisema. "Nilisema afazali uone weye mwenyewe kabla ya bangine."

Watoto walipokwisha kutoka, Laurentine aliketi peke yake darasani akachomoa biki. Kazi ilimhusu Mwalimu A. Mistari ya kwanza alitabasamu, akidhani ni Jean-Claude wa darasa la nne, mtu wa kuchelewa na visingizio. Nyani haoni kundule. Aliweka koma mahali pake, akaondoa herufi iliyozidi, akageuza ukurasa.

"Mwalimu A. ameshika darasa la mwisho kwa miaka kumi na tisa," Lydie alikuwa ameandika. "Mafanikio yake ni ya kweli. Lakini katika miaka hiyo hakuna mwalimu mwingine aliyejifunza kulifundisha darasa hilo. Vitabu vyake viko chini ya ufunguo. Alipewa nafasi ya kusomea uongozi akaikataa, na tangu hapo anamkasirikia aliyeikubali."

Biki ilisimama. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alisema kwa sauti, mbele ya madawati matupu: "Mutoto wa nyoka!" Kisha, kwa kuwa mkono wa mwalimu hauna akili, akasahihisha kosa la sarufi katika sentensi iyo hiyo iliyomtukana.

Lakini kilichomuumiza hasa kilikuwa mwishoni. Lydie alihitimisha hivi: "Mwalimu mkuu atamvumilia Mwalimu A. kwa upole, kwa kuwa amebakiza miaka michache ya kustaafu." Basi! Yaani wamngoje aishe, kama watu waliosimama chini ya bati wakingoja mvua ikatike. Angeweza kusamehe kuitwa mgumu, na hata kuitwa mwenye hasira. Kuhurumiwa na mtoto aliyemfundisha kushika chaki, hapana.

Alikwenda na kurasa hizo nyumbani. Jumatano hakuzirudisha. Alhamisi asubuhi Lydie alipita mlangoni mwake, akamwamkia kwa heshima, hakuuliza kitu. Kazi ilitakiwa kutumwa Ijumaa.

Laurentine alikuwa na hesabu yake, na ilikuwa hesabu rahisi. Hitimisho lile lilikuwa bovu. Aliyesoma kazi za watoto kwa miaka ishirini na sita hakosi kuliona hitimisho la mtu aliyeogopa. Akisahihisha koma tu na kunyamaza, kazi itaanguka kwa uzito wake yenyewe, diploma itakwenda na maji, na Edouard atalazimika kurudi kwa mwenye shahada wa pili. Asifanye ubaya wowote. Anyamaze tu. Na alitaka kunyamaza, Mungu anajua alivyotaka.

Ila mwenye wivu hawezi kunyamaza. Anataka aonekane. Alhamisi mchana, watoto wakifanya hesabu, aliisoma tena ile sentensi ya upole, akashindwa kujizuia. Aliipiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, akageuza karatasi, akaandika nyuma yake:

"Hapana. Mwalimu mkuu anayengoja mwalimu azeeke si mwalimu mkuu, ni mlinzi wa geti. Mwalimu A. anyang'anywe darasa la sita. Isiwe adhabu. Darasa likiwa la mtu mmoja, siku akiugua yeye shule nzima imeugua. Apewe darasa la kwanza, kwa watoto wasiojua sifa zake. La sita apewe kijana, na kila Jumatano A. akae nyuma ya darasa hilo amwelekeze. Ufunguo wa kabati urudi ofisini. Atakasirika. Aachwe akasirike."

Hitimisho la Lydie alilipa sita juu ya ishirini. La kwake alilipa kumi na nane. Akacheka peke yake mpaka watoto wakainua vichwa. Alijiona yuko kwenye kiti cha Edouard, mikono juu ya meza, anaamua. Kuhusu nani, hilo kwa dakika zile hakulijali. Aone sasa, yule mtoto, nani hasa alifaa kusomeshwa.

Ijumaa Lydie alisoma amesimama barazani, akafika nyuma ya karatasi, akasoma mara mbili.

"Mama, uliyua Mualimu A. ni nani?"

"Mi nayua kusoma."

"Na unataka nitume vile vile?"

"Uliniomba nikorije. Nilishakorije."

Lydie aliituma. Majibu yalipokuja, profesa wa huko ng'ambo alikuwa ameandika kwamba hitimisho lile ni bora kuliko yote ya kundi zima. Lydie aliyasoma maneno hayo ya profesa mbele ya walimu wote, akaongeza kwamba Mama Laurentine alimsaidia sana. Walimu walidhani ni habari ya koma. Laurentine alikaa na sifa iliyomfikia kwa jina la mwingine, akaimeza kama kidonge bila maji. Hata hivyo alijipa moyo. Mambo ya karatasi hubaki kwenye karatasi.

Mwezi wa tisa, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, Lydie aliwaita walimu kwa mkutano wake wa kwanza kama mwalimu mkuu. Edouard alikwisha kuagwa, amekula kuku wake, amekwenda. Lydie alikuwa amevaa nguo ya kawaida. Mbele yake palikuwa na orodha ya madarasa, ambayo kila mwalimu husomewa kisha akasaini.

"Première année, darasa la kwanza," alisoma, "Madame Laurentine."

Jean-Claude, ambaye hukohoa kila mahali, alisahau kukohoa, akakodolea dari macho.

Laurentine alisimama. "Lydie! Nani alikufundisha mambo ya namna iyi?"

Wote walimgeukia Lydie. Angeweza kusema. Karatasi ile, yenye mwandiko mwekundu nyuma yake, ilikuwa ndani ya faili juu ya meza, na Laurentine aliiona pembe yake ikichungulia. Maneno mawili tu, na chumba kizima kingecheka mpaka mwisho wa muhula.

"Mama, nilipata mualimu muzuri," Lydie alisema. Akaendelea kusoma: la pili, la tatu, la nne Jean-Claude, la tano. "Sixième année, Victorine. Kila Jumatano Madame Laurentine atakuwa mu darasa pamoja naye. Na ufunguo wa kabati, Mama, utanipatia kesho asubui."

Victorine, binti aliyemaliza masomo yake juzijuzi, alishika mdomo. Sauti ya Lydie haikupanda wala haikutetemeka. Shingoni tu palikuwa na mshipa unaopiga haraka, na aliyeuona ni Laurentine peke yake, kwa kuwa ndiye aliyemjua kuliko wote.

Orodha ilizunguka kutoka mkono hadi mkono ikamfikia. Mwaka mzima na nusu alikuwa amejiambia kwamba anamwonea Lydie wivu kwa sababu ya diploma, na kiti, na maneno ya Kifaransa ya ng'ambo. Sasa aliona jambo jingine, na liliuma vibaya zaidi. Kama angekaa yeye kwenye kiti kile, angejua kabisa la kumfanyia Mwalimu A.; ameliandika mwenyewe, kwa mkono wake. Ila asingeweza kusimama mbele ya watu akalisoma jina la mama aliyemshikisha chaki, kama Lydie alivyofanya. Angetafuta visingizio mwaka hadi mwaka.

Alisaini. Wivu wake haukupungua hata kidogo. Siku ile ndipo ulipopata sababu ya kweli.