Kidonda Kisichoandikwa Ubaoni

Nilikuwa seremala wa milango, Kibokoni. Miaka ile ya vita vikuu vya pili, mtaa wetu asubuhi ulinukia mbao na kahawa, nami nikifanya kazi huku naimba. Mke wangu Zuhura akinihimiza ninywe uji kabla haujapoa. Nikizikumbuka siku zile, natamani zirudi hata kwa saa moja.

Siku moja ngazi iliteleza nikiwa juu natia mlango. Nilianguka kwenye mawe, nikasikia paja likivunjika. Majirani walinibeba kwa kitanda cha kamba mpaka hospitalini. Daktari aliufungia mguu vitu vizito vya kuuvuta, akaniambia nitalala chali miezi miwili.

Wodi yetu ilisimamiwa na sista mmoja Mwingereza, mkali, mwenye Kiswahili cha kukatakata. Kando ya mlango alitundika ubao mweusi. Kila Jumamosi aliandika idadi, aliyoletewa na watumishi, ya wagonjwa waliopata vidonda vya kulalia. Alitueleza kwamba mguu uliovunjika mgonjwa huja nao, lakini kidonda cha kulalia hupewa na hospitali, na kwa hicho yeye hujua kama wodi yauguza watu au yawalaza tu. Ubao ulikaa sufuri wiki nyingi, naye akiwasifu watumishi mbele yetu.

Aliyetugeuza na kutuosha alikuwa Yona, dresa, yaani msaidizi wa wauguzi, kutoka bara, mtu mzima mpole. Wenzake walikuwa wamechukuliwa jeshini, akabaki peke yake na vitanda ishirini. Wiki ya tatu nilihisi moto chini ya kiuno. Yona akatazama. Ngozi ilikuwa imechubuka, upana wa kifungo cha koti. Akaipaka spiriti, akaninong'oneza: "Fundi, tafadhali usimwambie sista. Nitakiponya mwenyewe."

Nilimhurumia. Tena niliona haya kumfunulia mwanamke makalio. Sista akipita kuniuliza hali, namjibu sijambo. Kidonda kikaendelea kula nyama. Shuka zikawa zanata usaha, homa ikanipanda, chakula kikanishinda.

Zuhura alikuja mchana mmoja na mkate wa mofa. Akaketi, akanusa.

"Harufu hii yatoka wapi, Baba Swafia?"

Nilimwambia ni dawa. Akainua shuka. Hakupiga kelele. Alikwenda akamshika sista mkono, akamleta kitandani kwangu.

Waliponigeuza, mfupa ulikuwa waonekana. Daktari alikata nyama iliyooza, akamwambia Zuhura kwamba sumu ikiingia damuni sitapona. Sista alimuuliza Yona kwa nini hakumpa habari ya kidonda hiki. Yona alijibu akitazama chini: "Nilidhani unataka sufuri."

Sista alinifunika shuka. Kisha akasema: "Nilitaka migongo mizima. Kosa hili ni letu wawili."

Alasiri ile alitukagua sote, kitanda baada ya kitanda. Tuliokuwa na vidonda tulikuwa saba. Akaandika saba ubaoni kwa mkono wake, na hakuna aliyefukuzwa kazi. Idadi hiyo akaipeleka kwa mkuu wa hospitali, akaomba watu zaidi, akapewa wawili. Kila kitanda kikatundikwa karatasi: mgonjwa kageuzwa saa ngapi, upande gani, na nani. Jamaa zetu wakafundishwa kutuinua. Zuhura na Yona walinishika huku na huku, wakizungumza habari za bei ya ndizi sokoni Marikiti, nami nauma meno.

Kidonda kilioshwa kwa maji ya chumvi, na kila Jumatatu sista alikipima kwa utepe. Nilijifunza kusubiri Jumatatu kama mtoto anavyosubiri Idi. Kilipungua polepole sana. Mwezi wa tano tangu nilazwe kilifumba, nikatembea kwa mikongojo mpaka mlangoni.

Zuhura ametangulia mbele ya haki. Sista alirudi kwao. Namshukuru Mungu kwa wote wawili, na kwa Yona pia, ambaye watu wengi walitaka nimlaumu. Mtu mmoja kwa vitanda ishirini, mimi nimlaumu nini?

Nawe uliyelazwa, ukiulizwa hali, usijibu kwa adabu. Sema panapouma, hata kama ni mahali pa aibu. Na ninyi mnaouguza, idadi ya vidonda ikipanda ghafla, msianze kumtafuta aliyeiandika ili mumlaumu. Anzeni kuwageuza wagonjwa.