Mwaka Papa Alipoanza Kiingereza

Jirani yetu hapa Gihundwe ana binti anayesoma masomo yake kwa sauti kila alasiri. "Put it down. Put the bag down." Sauti yake huvuka ua wa miti na kuingia dirishani kwangu, nami nikiisikia siwezi kuketi. Naacha ninachofanya, naanza kuzunguka chumbani kutoka mlangoni hadi kitandani, na najua kabisa kwamba mwendo ule si wangu. Ni wa Papa.

Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, akasomea ualimu kwa Kifaransa, na tuliporudi Rwanda akapata kazi karibu na Kamembe. Kifaransa chake kilikuwa kimenyooka kama shati la Jumapili. Kinyarwanda alikinyoosha ukubwani, huku wenzake wakimcheka chini kwa chini kwa jinsi alivyovuta maneno. Nyumbani tuliongea Kiswahili cha Bukavu. Basi mwaka niliotimiza miaka kumi, nikiwa darasani kwake, tukaambiwa kwamba masomo sasa yatakuwa ya Kiingereza. Papa, katika Kiingereza, alikuwa na salamu tu.

Alianza kutembea. Akirudi kazini hakuketi tena barazani. Alivua viatu, akakunja suruali, akazunguka uani kati ya migomba na jiko akinong'ona, mikono mgongoni, mpaka kuku wetu wakazoea kumpisha.

Kilichomtesa hasa ni vile vitenzi vyenye mikia. Sisi, kitabu kikianguka, tunamwambia mtoto "kiokote kitabu", na hakuna anayetushtaki kwa kukitaja mara mbili, ndani ya kitenzi na nje yake. Kiingereza kilikataa. Ukikitaja kitabu, kijineno "it" kiondoke: pick up the book. Ukikileta kijineno, kitabu kiondoke, na kijineno chenyewe kibanwe katikati, kabla ya mkia: pick it up. Papa alikuwa akiviweka vyote viwili, au akikitupa kijineno mwishoni, kisha anasimama ghafla katikati ya ua, anajipiga paji la uso, anaanza upya.

"Pick up, pick up, pick it up..."

Maman, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliinua macho kutoka kwenye nguo. "Pikapu ya nani tena iko inapita hapa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Papa hakucheka. Alinitazama, akasema, "Weye, kuja. Tutajifunza pamoja."

Toka siku ile kazi zote za nyumbani zikawa somo. Sikuweza kutua ndoo bila kuamriwa mara mbili, mara ya kwanza kwa jina la ndoo, mara ya pili kwa kijineno. Alinifanya nizime redio na kuiwasha, nivae sweta na kulivua wakati wa jua kali. Kwangu ulikuwa mchezo, na kama michezo mingine niliuzoea upesi. Yeye alikuwa akipata jioni na kupoteza asubuhi.

Kisha shuleni zikavuma habari kwamba atakuja mtu wa kusikiliza walimu, na atakayeshindwa ataondolewa. Sijui nani alizileta. Najua tu kwamba Papa hakumaliza tena chakula. Katikati ya bugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, alikuwa akinyanyuka, vidole bado vina mafuta.

"Papa Furaha, ikala kwanza, ukule," Maman alimsihi.

"Bakinitosha, bakiniondoa kazi, tutaenda wapi?"

"Namna gani tutaenda wapi? Tuko kwetu."

"Na Bukavu nilisemaka niko kwetu."

Maman alichukua ufagio akafagia mahali alipokwisha kufagia. Nami nikaanza kung'ata kucha, na usingizini, walisema, nilikuwa nikirusha miguu. Nyumba nzima ilikuwa imeshikwa na kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Mimi nilidhani Papa ananikasirikia kwa kukijua Kiingereza kabla yake.

Aliyekuja alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani. Aliketi nyuma ya darasa, kwenye benchi fupi mno kwa miguu yake. Papa alivaa koti. Alianza vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Wanafunzi walifungua madirisha, wakayafunga, wakatua mabegi, na kila amri ilikaa sawa. Nikaanza kupumua. Ndipo chaki ilipomponyoka, ikabingirika hadi miguuni pangu.

"Furaha," alisema, "pick it up the chalk."

Niliinama, mkono ukaenda, kisha ukasimama hewani. Wenzangu hawakusikia kosa lolote. Walikuwa wakinisubiri niiokote. Nilimtazama Papa. Alikuwa ananitazama mimi, si yule mama, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Akageuka, akachukua kipande kingine cha chaki, akaiandika sentensi yake ubaoni vilevile ilivyotoka. "Teacher made a mistake," alisema. "Who can help?"

Nikainua mkono, nikasema kwamba "it" itoke. Aliifuta kwa kiganja, si kwa kitambaa, na darasa zima likapiga makofi kana kwamba tumefunga goli. Yule mama naye alipiga.

Hata hivyo muhula uliofuata Papa alipelekwa darasa la kwanza, ambako nusu ya somo ni nyimbo. Hakuzunguka tena uani. Aliketi barazani, akala chakula chote, akalala mapema. Maman alipita mbele yake akinyata, nami nikakichukia Kiingereza kwa moyo wangu wote, kwa sababu niliamini kimemvunja Papa, na kwamba mkono wangu ulikisaidia.

Niliishi na imani hiyo miaka mingi. Mwaka jana, tukiwa wawili, nilimuuliza kuhusu siku ile ya chaki.

"Yule maman hakuniogopesha," alisema. "Niliona mukono yako inasimama. Mu darasa yote, batoto bote, ni weye tu ulijua. Nikasema, sawa. Huyu, luga haitamutosha fasi yake."

Nilikuwa nimehesabu ule ukimya wake kuwa kushindwa. Kumbe alikuwa mtu aliyefika ng'ambo na mzigo wake mzima, akatua. Lakini nilitaka kujua pia habari za wale watoto wa darasa la kwanza, na wenzake waliobaki madarasa ya juu, na koti alilolitundika asilivae tena. Nikamuuliza kama kushushwa kule hakukumuuma.

"Iliniuma sana," Papa alisema. "Lakini nililala."