Hatua za Mchana katika Ukumbi wa Mama Viti

Mama Viti hakuanza na ukumbi. Alianza na viti vya plastiki vya kukodisha, akivipanga juu ya mkokoteni na kuusukuma mwenyewe mpaka kwenye shughuli za watu, na ndivyo jina lilivyomganda. Viti vikazaa mahema, mahema yakazaa kiwanja, na juu ya kiwanja hicho yeye na marehemu mumewe wakainua ukumbi. Hakuna tofali lililoingia humo bila kupatana bei. Mwenye duka la saruji, akimwona tu anavuka barabara, alianza kujifuta jasho.

Jambo moja tu liliwagombanisha yeye na mumewe: nguzo ya katikati. Mzee alitaka isimame baina ya ile ya mbele na ile ya nyuma. Mama Viti akakataa katakata. "Nguzo ikae pale, maharusi wataonekana vipi? Watu wanalipa kuona, hawalipi kuegemea." Akashinda, kama alivyozoea kushinda. Mzee hakuligusa tena suala hilo. Ila kila mchana, watu wakienda kula, aliingia ukumbini peke yake, akatembea kutoka nyuma kuja mbele, akasimama pale katikati, akatazama juu. Mguu wake mmoja ulikuwa umekauka tangu alipoanguka ngazini, kwa hiyo mwendo wake uliujua hata ukiwa chumba cha pili: mguu mzito, mguu mwepesi, mzito, mwepesi. Homa ilimchukua akiwa kitandani kwake, na ukumbi ukabaki bila ile nguzo.

Miaka ikapita. Ukaja wakati ukumbi ukakodiwa na kongamano la wahandisi, na Jumamosi ya juma lile lile kitinda mimba wa Mama Viti alikuwa aolewe humo humo. Kadi zilikwishatoka.

Wahandisi walitundika bango mlangoni: *Utafiti, Viwanda na Kazi, Meza Moja.* Mama Viti alilisoma akaguna. Mtu wa viti huwajua watu kwa wanavyokaa. Wasomi walijaza safu za mbele. Watu wa kampuni walibaki barazani kwenye meza zao za maonyesho, wakitabasamu kwa zamu. Mafundi walikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama watu waliokuja kudai.

"Meza moja ipi?" alimuuliza shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi aliyeujenga ukumbi ule na safari hii kaalikwa kama mgeni. "Hawa hata chai wanakunywa kama koo tatu zilizogombea shamba."

"Shemeji, mimi nimefuata hiyo chai," akasema fundi.

Miongoni mwa wasomi alikuwamo mwanamke kijana ambaye wote walimwita Daktari. Mama Viti alimkuta amepanda kwenye kiti, anabandika kidude kama kiberiti kwenye nguzo ya nyuma. Kingine kilikuwa tayari kwenye nguzo ya mbele.

"Daktari, unatibu nini?"

"Majengo, mama."

"Na jengo likifa?"

"Hapo huwa nimechelewa."

Mama Viti akampenda. Daktari alimweleza kwamba vidude vile vinahisi mtikisiko, hata wa mtu kuvuta kiti, na kila mtikisiko unaonekana kama mstari kwenye skrini kule barazani. Aliviweka ili wageni waone ukumbi unavyopumua wakiwa ndani.

Mchana wageni wakaenda kula kwenye mahema ya nyuma. Mama Viti akafunga ukumbi kwa mkono wake, maana vipaza sauti vina miguu. Alipopita barazani, funguo zikimlialia kiunoni, alimkuta Daktari amesimama mbele ya skrini, sahani mkononi, chakula hakijaguswa.

"Mama, nani yumo ndani?"

"Hayumo mtu. Ufunguo huu hapa."

Mstari ulikuwa unaruka. Juu sana, juu kidogo. Juu sana, juu kidogo. Polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Bwana mmoja wa kampuni, muuza vifaa mwenye tai nyekundu, akasogea. "Kifaa kimechoka hicho. Ninacho kipya, nitawapa kwa bei ya kongamano."

"Wewe hata maiti ungemuuzia miwani," alisema Mama Viti, lakini jicho hakulibandua kwenye skrini.

Akafungua mlango, akaingia. Viti vimejipanga safu kwa safu, mapazia yametulia, jua limelala sakafuni. Hakusikia kitu. Kimya chenyewe kilikuwa kizito, kama cha nyumba ambayo watu wamenyamaza kwa sababu umeingia. Kutoka barazani Daktari akamsomea mstari.

"Yuko nguzo ya nyuma. Sasa anakuja mbele. Anakuja upande wako, mama." Sauti ikashuka. "Amesimama."

"Amesimama wapi?"

"Hapo ulipo."

Mama Viti alikuwa katikati. Hakusogea. Katika maisha yake hakuwahi kumpisha mtu kabla ya kusikia anataka nini. Akatazama juu, kama mwingine alivyokuwa akitazama. Aliona dari tu, jeupe, alilolipaka rangi kwa ajili ya harusi.

"Nimekusikia," alisema kwa sauti ya chini. "Wageni wanakula."

Shemeji yake alikuwa mlangoni, ameshika kizingiti. "Mimi humo siingii. Ule ni mwendo wa kaka."

Kesho yake muuza vifaa akabandika kifaa chake kipya, akisema sasa tutaona. Wakaona. Mchana ulipofika, ukumbi ukiwa umefungwa, mstari ukaanza: mzito, mwepesi, mpaka katikati, ukasimama. Bwana yule akalegeza tai, na habari ya bei hakuirudia.

Hapo ndipo bango likapata maana yake. Daktari alijua pa kutazama. Muuza vifaa alikuwa na taa na kamera kwenye fimbo ndefu. Shemeji, baada ya kutajiwa mama yake mzazi na shemejiye, akakubali kupanda ngazi na kubandua ubao mmoja wa dari. Kamera ikapenya. Kwenye boriti ya zege, juu kabisa ya pale ambapo mstari ulisimama, palikuwa na ufa wa kumeza kidole.

"Mama, Jumamosi watu wasikae hapa," alisema Daktari.

"Ufa kama huo unaweza kukaa miaka," alisema muuza vifaa, bila kujiamini.

"Na unaweza kushuka wakati wa picha," alisema shemeji juu ya ngazi. "Wahenga walisema, usipoziba ufa..."

"Wahenga hawakukodisha ukumbi. Shuka."

Binti yake alikuja na vitambaa vya meza mikononi. Alimtazama mama, akatazama dari lililo wazi. "Mama, kadi zimeshatoka. Na ukifunga, wote waliopanga shughuli watahamia kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Watasema ukumbi wetu mgonjwa."

"Ni mgonjwa. Daktari huyu hapa." Mama Viti alivichukua vitambaa. "Jina likianguka, mwanangu, huokotwa. Dari likianguka unaokota nini?"

Akaenda kwenye kipaza sauti na kuwatoa wote, wasomi na wasio wasomi. Kongamano likamalizikia kwenye mahema, juu ya viti vya plastiki, na kwa kuwa mahema hayana mbele wala nyuma, koo tatu zikachanganyika. Akawaketisha Daktari, muuza vifaa na shemeji kwenye meza moja, naye akakaa wa nne, akapatana nao hadharani: mchoro kwa Daktari, vyuma kwa kampuni, kazi kwa shemeji, na vidude vibaki pale pale vilipo. Muuza vifaa aliinuka kama mtu aliyenyolewa bila maji.

Binti akaolewa hemani, akaonekana vizuri kutoka kila upande. Nguzo ya katikati ikainuka. Aliyeko ng'ambo ya barabara akapata wateja kwa muda, kisha wakarudi, wakanung'unikia nguzo, wakalipa.

Mstari ukalala. Mama Viti alijizoesha kula chakula cha mchana barazani mbele ya skrini, ukumbi umefungwa, na kwa miezi mingi hakuona ila mstari ulionyooka kama uzi wa fundi.

Kisha mchana mmoja ukaruka. Mzito, mwepesi. Ukaipita nguzo mpya bila kusita, ukageuka, ukarudi nyuma mpaka chini ya roshani wanapokaa wapiga muziki. Ukasimama.

Mama Viti akaweka kijiko chini, akachukua simu.

"Shemeji. Kuivunja roshani na kuijenga upya, bei gani? Na usinitajie bei ya mgeni. Kaka yako anasikiliza."